Jedwali la Namba Zilizotoka Linamfaa Nani?

Katika vibanda vya kubeti vya Kariakoo, Manzese na Mbagala, na hata miongoni mwa wanaotuma namba zao kwa simu wakiwa kazini, yapo mazoea ya kuweka kumbukumbu za namba zilizokwisha kutoka katika bahati nasibu. Mmoja hufuata zile zinazotoka mara nyingi kwa kuamini kwamba zina nguvu; mwenzake hufuata zilizolala kwa kuamini kwamba zamu yao imekaribia. Wawili hawa hawawezi kuwa sahihi wote, maana jedwali lilelile linawapa ushauri unaokinzana. Hata hivyo, kuwabeza wote kwa pamoja, kama wafanyavyo baadhi ya wanahisabati, ni kulitupa jedwali ambalo lina kazi yake.

Anayefuata namba zinazoongoza ana hoja ya kusikilizwa. Mipira yenye namba na mashine za kuichanganya ni vyombo vilivyotengenezwa na binadamu, na chombo huweza kuwa na kasoro. Katika karne ya 19 Mwingereza Joseph Jagger aliajiri watu wa kunakili matokeo ya magurudumu ya ruleti, mchezo wa kasino ambamo kipira huangukia namba kwenye gurudumu linalozunguka, huko Monte Carlo, akabaini gurudumu lililoelemea namba fulani, akavuna fedha nyingi kabla wenye kasino hawajashtuka. Lakini Jagger alichunguza gurudumu mojamoja, tena lililozungushwa kutwa nzima. Bahati nasibu huchezeshwa mara chache zaidi, na katika nchi kama Uingereza seti za mipira na mashine ni kadhaa, huteuliwa kwa kura kabla ya droo, hivyo jedwali la jumla huchanganya tabia za vyombo vingi na kuificha kasoro ya kimoja ikiwa ipo.

Zaidi ya hayo, tofauti zinazomvutia msomaji wa jedwali ni zile ambazo bahati tupu ingezizaa. Chukua mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49. Katika droo 1,000 kila namba inatarajiwa kutoka mara 122 hivi, lakini hakuna mwanahisabati atakayeshangaa akikuta inayoongoza imetoka mara 145 na ya mwisho mara 100. Jedwali ambalo namba zote zingelingana ndilo lingepaswa kutiliwa shaka. Upo pia mtego mdogo wa kihasibu: Uingereza ilipanua mchezo wake kutoka namba 49 hadi 59 mwezi Oktoba 2015, na anayejumlisha droo zote tangu 1994 ataziona 50 hadi 59 kuwa dhaifu, ilhali kwa miaka zaidi ya ishirini hazikuwamo kabisa.

Upande wa pili, ule wa namba zilizochelewa, ndio ulioleta maafa makubwa zaidi. Nchini Italia, ambako kila jiji lenye droo hutoa namba 5 kati ya 90, namba 53 haikutoka Venezia tangu Mei 2003 hadi tarehe 9 Februari 2005, yaani droo 182 mfululizo. Waitaliano waliweka zaidi ya euro bilioni 3 juu ya namba hiyo moja. Familia zilifilisika, na vifo vya kujiua viliripotiwa. Uwezekano wa namba kukosekana kwa muda huo, ukiuhesabu kuanzia siku ilipotoka mara ya mwisho, ni takriban 1 kati ya 33,000, na ukiishia hapo utaona muujiza. Lakini majiji yalikuwa 10, droo mbili kwa juma, na kila namba inayotoka huanzisha subira mpya. Subira zaidi ya 5,000 huanza kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, ukame wa aina ile ungetarajiwa kutokea mahali fulani nchini humo kila baada ya miaka sita au saba.

Wanaotetea namba zilizolala hutaja kanuni ya idadi kubwa, ambayo uthibitisho wake ulioandikwa na Jacob Bernoulli ulichapishwa mwaka 1713: kadiri majaribio yanavyoongezeka, ndivyo uwiano unavyosogelea ule unaotarajiwa. Kanuni ni ya kweli, bali wanaisoma vibaya. Tuseme katika mchezo ule wa 49 namba imebaki nyuma kwa mara 20 katika droo 1,000 za mwanzo: imetoka katika asilimia 10.2 ya droo badala ya 12.2. Tuseme katika droo 9,000 zinazofuata inatoka kwa wastani kamili, bila fidia yoyote. Itafika asilimia 12.0, karibu sana na inayotarajiwa, na bado itakuwa nyuma kwa mara zilezile 20. Pengo limemezwa na wingi, deni halikulipwa. Daladala iliyochelewa iko njiani; namba iliyochelewa haijaondoka kituoni.

Kwangu mimi, mwenye haki ya kwanza juu ya jedwali hili ni mkaguzi. Mpira mzito au programu mbovu itajionyesha baada ya droo nyingi, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, inayosimamia sekta hii chini ya sheria ya mwaka 2003, pamoja na mwananchi yeyote mwenye kikokotoo, wangeweza kuipima ikiwa kila kampuni ingechapisha matokeo yake yote pamoja na mashine na seti iliyotumika. Hapa pia pana mpaka. Huko Pennsylvania, Marekani, tarehe 24 Aprili 1980, katika mchezo wa tarakimu tatu, mipira yote isipokuwa ya 4 na 6 iliongezwa uzito kwa rangi, ikatoka 666. Ulikuwa wizi wa siku moja, na kilichozua shaka ni wingi wa fedha zilizowekwa kwenye michanganyiko ya namba hizo. Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa kompyuta katika chama cha bahati nasibu za majimbo ya Marekani, aliandika programu iliyopotoka katika siku chache tu za mwaka. Jedwali la marudio lisingewakamata.

Mchezaji angefaidika zaidi na jedwali lingine, la namba ambazo watu huzichagua. Tarehe 14 Januari 1995 washindi 133 waligawana zawadi kuu ya Uingereza, na tarehe 1 Desemba 2020 Afrika Kusini ilitoa 5, 6, 7, 8, 9 na 10, zikiwa na washindi 20. Kukwepa namba zipendwazo huongeza fungu la atakayeshinda. Nafasi yenyewe ya kushinda, katika mchezo wa 6 kati ya 49, hubaki 1 kati ya 13,983,816.