Giaboksi Nayo Yala?

Siku niliyoingia nyumbani na lile boksi kwapani, shangazi alikuwa barazani akichagua mchele. Aliliangalia boksi, kisha akaniangalia mimi kwa jicho lile lile alilokuwa akitafutia mawe.

"Umenunua nini tena?"

"Kula, shangazi."

"Kula gani, na chakula kiko jikoni?"

"Kula ya giaboksi."

Akaweka ungo chini. "Giaboksi nayo yala?"

Nikamweleza kwamba ndivyo mafundi wa gereji wanavyokiita kile kirejeta kidogo cha kupoozea mafuta, na kwamba si kula ya mdomoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaurudia ungo wake. "Haya. Lakini kitu kiitwacho kula, mwanangu, hakikosi kula. Tungoje tuone kitakula nini."

Ningemsikiliza siku hiyo, leo nisingekuwa kichekesho cha nyumbani.

Kwanza nijitetee. Nina Subaru Forester ya tabo, yaani turbo, ya mwaka 2006, giaboksi otomatiki ya gia 4. Wenye Subaru hizi wanaijua taa moja kwenye dashibodi iliyoandikwa AT OIL TEMP. Ukiiona inawaka, mafuta ya giaboksi yamepata moto kupita kiasi na mfuko wako ujiandae. Yangu iliwaka Makupa, hapa Mombasa, mwezi wa pili, saa tisa alasiri, jua linachoma na lori la kontena limeziba njia. Nilikuwa nimesimama na gia iko D, mguu kwenye breki, na kila mwanya ukipatikana natia moto kuonyesha watu tabo. Sasa, mafuta ya giaboksi otomatiki, yale mekundu, ndiyo yanayobeba nguvu kutoka kwenye injini. Gari likizuiwa na breki huku injini inasukuma, yanavurugwa tu pale ndani kama uji, na mvurugo wote huo unageuka joto. Yakipita nyuzi 120 hivi huanza kuchoka upesi, na yakichoka rangi inageuka kama chai ya rangi na harufu inakuwa ya kitu kilichoungua.

Wajapani waliliwaza hilo. Mafuta hupitishwa kwenye rejeta ya maji yapoe. Lakini maji yenyewe ya rejeta, injini ikishapata moto, huwa karibu nyuzi 90, kwa hiyo huko ni kumpoza mtu kwa maji ya moto ya kuogea. Nikaamua: nanunua kula ya peke yake.

Wiki tatu sikulala vizuri. Mtu aliyewahi kuchagua vigae vya bafuni na mkewe atanielewa. Kuna kula za bomba na mapezi, na kuna za sahani zilizopangwa kama chapati, ambazo kwa ukubwa ule ule hupooza zaidi. Kuna Setrab ya Sweden, kuna Derale ya Marekani, na hawa wote wana zile ndogo zenye feni yake mgongoni. Hizo ndizo zilizoniiba akili. Kula isiyo na feni lazima ikae mbele ya gari ipate upepo wa mwendo, na mbele ya gari langu tayari kuna kondensa ya eisi, yaani ya kiyoyozi, na nyuma yake rejeta. Ukiongeza ya tatu ni kama kumpakia mtu wa tano kwenye tuktuk. Tena kwenye foleni upepo wa mwendo utautoa wapi? Lakini yenye feni unaiweka popote: chini ya sakafu, nyuma ya gurudumu, hata kwenye buti. Inajitafutia upepo yenyewe, kama kuku wa kienyeji.

Bei ya mpya ilinifanya nifunge simu. Nikapata ya mtumba, ya sahani, inchi 11 kwa 10, feni ya inchi 9, haina boksi lake wala karatasi ya maelezo. Lile boksi alilonikuta nalo shangazi lilikuwa la viatu vya gamabuti.

Mpango wangu ulikuwa mzuri, na mpaka leo nautetea. Forester ni gari la mgongo wazi, buti na viti vya nyuma ni chumba kimoja. Tairi la akiba likiondolewa linaacha shimo. Fundi alikata tundu chini ya shimo hilo kwa grainda, tukafunga kula juu ya tundu na feni yake, mipira mita 8 kwenda na kurudi, swichi ya joto ya kuiwasha feni mafuta yakifika nyuzi 82. Feni ivute hewa ya ndani, iliyokwisha kupozwa na eisi, iipitishe kwenye kula, iitupe nje chini ya gari. Mafuta ya giaboksi yapulizwe na eisi! Sikuwahi kusikia mtu mwingine aliyefikiria hivyo, jambo ambalo lingefaa kunitia shaka.

Ilipofika kazi ya nyaya, fundi akataja bei nyingine. Nikamwambia aende zake. Mimi kazi yangu ni kutia umeme majumbani, nimetia nyaya nusu ya Kongowea, nitashindwa na feni ya volti 12?

Feni ilikuwa na nyaya mbili. Moja buluu, moja nyeusi.

Hapa ndipo kisomo changu kiliponisaliti. Kwa kanuni mpya ya umeme wa nyumba, kahawia ni laivu, waya unaoleta umeme, na buluu ni nyutro, unaourudisha. Kwa kanuni ya zamani, iliyo bado ndani ya kuta za nyumba nyingi mjini, nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro. Maana yake nilikuwa nimeshika nyutro mbili. Nilikaa juu ya bampa kama dakika kumi nikizitazama. Mwisho nikasema sisi ni watu wa kisasa, kanuni mpya ndiyo inayoshinda. Buluu nikaipeleka bodi ya gari, ndiko hasi, nyeusi nikaipeleka chanya kupitia rilei, ile swichi inayowashwa na umeme, na fyuzi. Kazi safi, nyaya zimefungwa tepu, hazionekani.

Nikawasha. Feni ikavuma. Nikaingiza mkono chini ya gari kwenye tundu, nikasikia upepo. Na upepo ukishakuwapo, nani huuliza unakotoka?

Jumamosi ile kulikuwa na harusi ya mpwa wangu, anaoa Likoni. Wanawake wa kwetu Mji wa Kale walikesha wakisonga vikuba: asumini, mrehani, vilua, mawaridi, 120 kwa hesabu ya shangazi, vimepangwa kwenye sinia na kufunikwa kitambaa kibichi. Pamoja na sinia kulikuwa na ndoo ya halwa kilo 5 na mkebe wa udi. Vyote vikaingia kwenye buti langu. Nikaviweka mwenyewe juu ya zulia lililofunika lile shimo, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Shangazi akakaa mbele, nyuma akakaa nyanya na shoga yake shangazi, mwanamke mzito wa mwili na wa maneno.

"Tupite Dongo Kundu," shangazi akasema. "Feri leo ina foleni."

Ndiyo maana nilitaka feri. Foleni ndiyo ingekuwa mtihani wa kula yangu. Nikamwambia Dongo Kundu ni kuzunguka dunia nzima.

Foleni ilikuwa imetoka kivukoni mpaka mbali. Tulisogea gari moja kwa dakika tatu. Nikasikia *tik* ya rilei, kisha nyuma kukavuma. "Mwasikia hiyo?" nikawaambia. "Hiyo ni kula. Gari linajipoza lenyewe." Na taa haikuwaka. Nikawa natia moto kidogo, nashika breki, natia moto tena, jicho kwenye dashibodi. Taa kimya! Nilijawa na furaha ambayo wanawake wale hawakuonyesha kuishiriki.

"Mwanangu," nyanya akasema, "eisi yako yafanya kazi?"

"Iko mwisho, nyanya."

Akatoa kipepeo chake cha ukili akaanza kujipepea. Baada ya muda shoga yake shangazi akageuka, akatazama nyuma, akarudisha uso mbele.

"Nyuma ya shingo yangu," akasema polepole, "pana mtu anapumua."

"Hapana mtu, bi. Ni mizigo."

"Basi mizigo ina homa."

Nikacheka. Nikasema ni jua la Mombasa, kioo cha nyuma hakina tinti. Lakini hata mimi shati lilikuwa limeshanata mgongoni, na eisi ilikuwa inanipulizia hewa vuguvugu kama pumzi ya punda. Ndipo harufu ikaanza. Kwanza kidogo, kisha gari zima, kisha barabara nzima: udi. Udi mzito wa chumba cha bibi harusi, hauna chetezo wala makaa, unatoka kwenye madirisha yetu tuliyokuwa tumeyafungua kuokoa roho. Watu wa miguu wakaanza kuchungulia. Kijana wa kachiri akatembea sambamba nasi akivuta pua. "Bwana harusi yuko wapi hapa?" Mwanamke mmoja upande wa pili wa barabara akapiga kigelegele, akajibiwa na wengine wasiojua wanajibu nini.

Shangazi hakupiga kigelegele. Shangazi alikuwa amenyamaza, na wanaomjua wanajua kwamba hiyo ni hatua ya mwisho.

"Fungua buti," akasema.

"Shangazi, tuko foleni..."

"Fungua buti, baba."

Nilipoinua mlango wa nyuma nilipigwa usoni na upepo wa tanuri la mkate. Feni ilikuwa ikivuma kwa bidii, mashallah, ikivuta hewa ya lami kutoka chini, ikiipitisha kwenye mafuta ya nyuzi tisini, na kuimimina ndani ya buti. Zulia lilikuwa limeinuka kwa upepo. Kitambaa kibichi cha vikuba kilikuwa kimekauka kikakakamaa kama papadi. Shangazi akakiinua kwa vidole viwili. Asumini zilizoingia nyeupe zilikuwa rangi ya majani ya chai, na mrehani umelala kama mchicha uliotiwa nazi na kuepuliwa. Ndoo ya halwa nikaitikisa, ikanijibu *chubwi*. Samli yote imepanda juu, chini kuna kitu kinachotembea.

Magari ya nyuma yakaanza honi. Nyanya, aliyekuwa ametoa kichwa dirishani, ndiye aliyesema:

"Kumbe yala kweli."

Yaliyofuata sitayasimulia kwa kirefu. Tulivuka tumefungua milango yote, fyuzi ya feni iko mfukoni mwangu. Asumini za Likoni asubuhi ile zilikuwa zimeshanunuliwa na watu wenye akili, kwa hiyo vikuba vilipatikana 17, na vikagawanywa kwa umri. Halwa iligaiwa kwa vijiko kwenye vikombe vya kahawa, na wageni wa upande wa bibi harusi wakauliza kwa adabu kama ndivyo inavyoliwa kwetu.

Jumatatu nikarudi kwa fundi, nimejiinamia. Hakuuliza kitu. Alichana kipande cha gazeti, akakiweka juu ya kula, akawasha feni. Gazeti likaruka mpaka likagonga paa la gari. Akanitazama. Akachomoa zile nyaya mbili, akazibadilisha, buluu chanya na nyeusi hasi, akaweka gazeti tena. Likanata pale pale kwenye mapezi kama stempu. Mota ya feni kama hizi ukigeuza nyaya inazunguka kinyume, akasema, na mapanga yake hayakukatwa kwenda upande huo, ndiyo maana ilikuwa na kelele nyingi kuliko upepo. "Ungeuliza gazeti."

Nataka iandikwe, hata hivyo, kwamba giaboksi ilipoa. Safari nzima ile taa haikuwaka hata mara moja. Kula niliichagua vizuri. Hilo nimejaribu kulieleza nyumbani mara kadhaa, na kila nikifika kwenye neno "kula" wanaanza kucheka upya.

Juzi, mwezi wa saba, kusi inavuma na mvua ya rasharasha, shangazi alinijia barazani na beseni limefunikwa kanga.

"Unga wa mahamri," akasema. "Tangu alfajiri haujaumuka. Hebu geuza zile nyaya zako."

Nikamwambia haiwezekani, kuna rilei, kuna fyuzi, gari si jiko. Akaketi ndani ya gari akafunga mkanda.

Tulikwenda Nyali na kurudi, kisha tukasimama nusu saa kwenye foleni ya daraja bila sababu yoyote ila unga. Kanga ilikuwa imeinuka kama kilemba tuliporudi. Nilipewa mahamri manne na mbaazi, na nyanya akaniuliza kama na giaboksi nayo iwekewe yake.