Saa ya Ukutani Haijui Kama Hifadhidata Imesimama

Juzi mkuu wetu wa idara alitangaza kikaoni kwamba tatizo la nakala rudufu limepatiwa dawa: kazi ya kunakili ya meinifremu, kompyuta yetu kubwa, itasogezwa kutoka saa nane usiku hadi saa nane na nusu, ili Linux ipate nafasi ya kumaliza shughuli zake. Wenzangu waliafiki, kahawa ikanywewa, tukatawanyika. Mimi nilirudi mezani na hasira ambayo bado haijanitoka.

Seva zetu za Linux ni mashine pepe zinazoendeshwa juu ya z/VM, programu inayoigawa meinifremu moja kuwa mashine nyingi, na diski zake hunakiliwa kutoka upande wa z/VM. Dakika kumi kabla ya saa nane, cron, kipangaratiba cha Linux, husimamisha hifadhidata. Saa nane kamili, z/VM huanza kunakili. Pande hizi mbili hazisemezani hata neno moja. Kila moja hutazama saa yake na kuamini kwamba mwenzake ametimiza wajibu. Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi hesabu za kufunga vitabu zilichelewa, hifadhidata haikusimama, na diski zikanakiliwa ilhali sehemu ya data ingali kwenye kumbukumbu ya Linux, haijaandikwa. Kazi ilirudisha sifuri, yaani hakuna kosa, ripoti ikawa ya kijani, tukapongezana. Wiki tatu baadaye tulipoihitaji nakala ile, nilikesha mbele ya skrini nikirejesha majedwali ambayo nusu yake yalikuwa ya jana na nusu ya leo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba njia ya kuzungumza ipo, wala hainunuliwi. Mashine za z/VM hutumiana ujumbe kwa amri ya SMSG. Linux huutuma kwa vmcp, programu yake ya kuipa z/VM amri. Na kwa upande wa kupokea, keneli, yaani kiini cha Linux, ina moduli ya smsgiucv_app, ambayo huchukua ujumbe unaoanza na herufi APP na kuukabidhi kwa udev, huduma ya Linux inayoitikia matukio ya mfumo, nayo ikaamsha skripti. Basi z/VM itume «APP NAKALA ANZA». Linux isimamishe hifadhidata, imwage kwenye diski kila kilichobaki kwenye kumbukumbu, igandishe mfumo wa mafaili wa data, ndipo ijibu «LNX07 TAYARI», LNX07 likiwa jina la seva. Jibu hilo likifika, na si kabla, FLASHCOPY, amri ya z/VM ya kunakili diski, ifanye kazi yake. Nayo haichukui muda, kwa kuwa uhusiano kati ya diski na diski huwekwa mara moja, kisha unakili wenyewe, pale unapohitajika, ukaendelea chini kwa chini. Ujumbe wa pili uiruhusu hifadhidata iamke. Jibu lisipofika ndani ya dakika kumi, nakala isichukuliwe, opereta aamshwe. Afadhali kukosa nakala ukajua umeikosa, kuliko kuwa na nakala ya uongo yenye muhuri wa kijani.

Wapo wanaoogopa kwamba yeyote anaweza kuifungia hifadhidata yetu kwa ujumbe mmoja. Moduli hiyo hupangiwa mtumaji mmoja tu wa kumsikiliza, na jina la mtumaji huwekwa na z/VM yenyewe. Wengine wanataja tofauti ya herufi, kwamba msimbo wa A kwenye meinifremu ni C1 na kwenye Linux ni 41. Tafsiri hiyo hufanywa na keneli, tuiache.

Nakiri, shingo upande, kwamba SMSG haiweki ujumbe akiba: mashine lengwa isipokuwapo, umekwenda na maji, na anayetaka kuvuka mtandao hadi z/OS, mfumo mwingine wa meinifremu, atahitaji foleni za MQ, zinazotunza ujumbe hadi upokewe, au kitu cha namna hiyo. Nakiri pia kwamba ratiba ya saa ni rahisi kueleza kikaoni. Lakini huku Ulaya, Jumapili ya mwisho ya Machi, saa zetu hapa Ujerumani huruka kutoka nane usiku hadi tisa, na ile nane na nusu ya mkuu wetu haitakuwapo kabisa. Nilimweleza hivyo. Alicheka, akasema Machi ni mbali.

Ratiba mpya inaanza kesho. Vitabu vinafungwa Ijumaa, na zamu ya usiku huo ni yangu. Nimekwisha kuandika skripti. Ninachosubiri ni ruhusa ya kuipakia moduli.