Tanga Waja Leo Waondoka Leo, Mimi Niliondoka Leo Nikarudi Leo

Naomba niisimulie mwenyewe hii safari yangu ya kuhamia Arusha, maana swahiba wangu anaisimulia tangu juzi, na kwake imeshatiwa chumvi mpaka imekuwa ng'onda. Anasema nilijificha nyuma ya mkokoteni. Sikujificha. Niliinama kufunga kamba za viatu, na mkokoteni ulikuwa pale pale. Nilikuwa nimevaa makubazi, ndiyo. Tuendelee.

Mnaonifuata mnajua nilivyoaga. Wiki nzima nilizunguka mji na baiskeli kama mgombea udiwani. Nilikwenda Raskazone nikaishukuru bahari kwa sauti, wavuvi wakasogeza ngalawa yao mbali kidogo. Nilisimama nje ya uwanja wa Mkwakwani nikawashukuru Coastal Union kwa ubingwa wa 1988, mwaka ambao mimi hata kuzaliwa sijazaliwa. Na kwa vile Shaaban Robert ni wa huku huku kwetu, niliona aibu kuondoka bila shairi. Nikatunga beti saba. Vina vya kati vilinishinda kuanzia ubeti wa pili, nikazisoma hivyo hivyo barazani Ngamiani. Wazee wakalia. Sijui walililia mimi au walililia vina.

Nikagawa mali. Baiskeli kwa swahiba, godoro kwa binamu, feni kwa jirani. Nao baraza wakachanga, wakaninunulia saa ya ukutani ya adhana, ile ya betri. Swahiba akaitegesha mji wa Arusha kabisa, ili nikifika nisihangaike, akaifunga kwa karatasi ya zawadi na gundi ya kutosha kuzibia mtumbwi. Ikumbukeni hiyo saa.

Tiketi nilikata kwa simu usiku huo huo, nimeshamaliza kuliliwa. Ilikuwa saa saba kasoro. Mimi kichwani bado ni jana, simu imeshaingia leo. Nikabonyeza "kesho", nikalala kwa amani.

Alfajiri nikasindikizwa stendi ya Kange na Noah mbili za watu. Kondakta alipoona kundi lote lile linafuta machozi akadhani nasafiri msibani. Hakuniomba tiketi. Alinipa pole.

Nililia hadi Pongwe. Dada wa kiti cha pili alinipa leso yake. Tulipofika Muheza akapanda mama mmoja na kikapu, akasimama juu yangu, akasema, "Mwanangu, hicho kiti changu." Nikamwonyesha simu kwa upole wa mtu aliyefiwa. Kondakta akaichukua, akaisoma, akairudia kuisoma huku midomo ikicheza.

"Kaka, hii ya kesho."

Basi zima kimya. Dada akanyoosha mkono akachukua leso yake.

Nikateremshwa. Begi langu lilikuwa ndani kabisa ya buti, limelaliwa na magunia ya watu, wakaniambia nitalikuta Arusha. Kwapani nimebaki na saa.

Sasa niambieni, nyie mnaojifanya wajasiri, mngerudi saa hiyo? Watu wamenilia jana usiku, wamenilia asubuhi, halafu nitokee saa mbili nadai chai? Nikaamua kushinda Muheza mpaka giza liingie. Saa tano mama akapiga simu.

"Mmefika wapi, baba?"

"Tunaitafuta Same, mama. Baridi imeanza."

Nyuma yangu kijana akapaza sauti, "Machungwaaa ya Muheza haya!"

Mama akanyamaza. "Same siku hizi kuna machungwa?"

Nikasema mtandao unakata.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: niingie mtaani Magharibi, wanaume wote wakiwa msikitini, nipenye hadi kwa mama, nilale, alfajiri nitoweke. Hesabu safi. Nilisubiri adhana ikaisha pale kwenye mkokoteni (nikifunga kamba), nikaona watu wameingia, baraza tupu, birika la kahawa peke yake juu ya jiko. Nikaanza kutembea. Njia ya kwetu inapita mlangoni mwa msikiti, hakuna nyingine.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni kwamba jua huzama Tanga kabla ya Arusha. Tofauti yake ni kama dakika 10.

Nimefika usawa wa mlango. Ndani imamu ametoka kutoa salamu, kimya kile cha watu wanaovuta uradi taratibu, unasikia hadi tasbihi. Nikanyanyua mguu wa kulia. Nikaushusha kama nakanyaga mayai. Nikanyanyua wa kushoto. Na kwapani mwangu, kwa sauti ya muadhini wa Makka, kwa nguvu zote za betri mpya: Allahu akbar, Allahu akbar!

Nikaganda. Nikapapasa kitufe, sikipati, karatasi na gundi tupu. Nikaibana kwapani, ikawa inaadhini kama mtu aliyefunikwa na blanketi. Kuitupa siwezi, adhana hiyo. Kuipiga kofi siwezi, nitajibu nini kesho Akhera? Nikafanya jambo moja tu lililonijia akilini: nikaendelea kutembea.

Ndani nikasikia mzee mmoja, "Adhana ya nani tena hii?"

Mwingine, "Na mbona inatembea?"

Halafu sauti ya swahiba wangu, nitaitambua hata kaburini: "Hiyo ya Arusha hiyo! Niliitegesha mimi!"

Wakatoka. Wote. Nimesimama katikati ya njia nimekumbatia zawadi yao inayoadhini, na yenyewe haina haraka, ndiyo kwanza iko "Hayya alas-swala". Hakuna aliyecheka, mjue. Kwa heshima ya adhana walisubiri iishe, wakinitazama tu. Sijawahi kuona adhana ndefu kama ile.

Ilipokwisha, shehe akauliza, "Kijana, mbona hukuingia kuswali?"

"Nilikuwa msafiri, shehe."

"Umetoka wapi?"

"Muheza."

Akatikisa kichwa. "Muheza hata swala haipungui."

Hapo ndipo mtaa ulipoanguka. Yule mzee wa magongo alikalia ngazi za msikiti akapiga paja, akapiga, akapiga.

Mengine ya haraka. Binamu alikataa kurudisha godoro, nikalala mkekani. Mama hakusema kitu, aliniwekea tu sahani yenye chungwa moja limemenywa. Alfajiri nilikwenda Kange peke yangu kwa bodaboda, mama akaniaga akiwa kitandani. Kondakta alikuwa yule yule wa jana. Safari hii tiketi aliiomba, akaikagua mbele na nyuma kama noti ya bandia, akanirudishia simu.

"Kaka, leo hulii?"