Juisi ya Nyanya Haiongezi Damu, Ila Ina Kazi Yake

Mama mjamzito akirudi kutoka kliniki na kusema kwamba ameambiwa damu yake iko chini, ushauri wa kwanza atakaoupata kwa mawifi, majirani na hata muuza genge ni kunywa kitu chekundu: rozela, bitiruti, na siku hizi juisi ya nyanya. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, nami siubezi, kwa sababu nyanya ni chakula kizuri. Ninachokipinga ni imani kwamba juisi hiyo, kwa kuwa ni nyekundu, ikishamezwa inageuka damu.

Hesabu yenyewe inakataa. Glasi ya juisi ya nyanya ya mililita 240 hivi ina takriban miligramu 1 ya madini ya chuma, ilhali mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku. Vidonge anavyopewa kliniki ni jambo jingine kabisa: Shirika la Afya Duniani linapendekeza apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Wengi huviacha vidonge hivyo kabatini kwa sababu vinawaletea kichefuchefu na choo kigumu, kisha wanajifariji kwa jagi la juisi, na hapo ndipo ushauri mwema unapoanza kudhuru. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 uliwakuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wakiwa na upungufu wa damu, na miongoni mwa vyanzo vya tatizo hilo nchini ni malaria, minyoo ya safura na selimundu, ambavyo havitibiwi kwa blenda.

Kazi halisi ya nyanya katika suala hili ni ya pembeni, lakini ni ya maana. Gramu 100 za nyanya mbichi zina kama miligramu 14 za vitamini C, na vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage, kunde na mchicha, ambacho peke yake hufyonzwa kwa shida. Kwa hiyo glasi inayonywewa pamoja na ugali na maharage ina faida kuliko ile inayonywewa alfajiri tumbo likiwa tupu, na anayeshushia mlo huo kwa chai ya rangi anaipunguza faida hiyo, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Nikisema ukweli, kachumbari iliyopo mezani tayari inaifanya kazi hiyo hiyo bila gharama ya umeme.

Sifa nyingine ya nyanya ni likopini, kemikali inayoipa wekundu wake, na hapa wapenzi wa juisi mbichi watanisamehe. Mwaka 1992 watafiti wa Ujerumani, Stahl na Sies, walionyesha kwamba likopini huingia mwilini kwa wingi zaidi kutoka kwenye juisi iliyochemshwa pamoja na mafuta kidogo kuliko kwenye juisi isiyochemshwa. Ni kweli kwamba moto huondoa sehemu ya vitamini C, lakini anayeitaka likopini anaipata katika mchuzi wa kila siku uliokaangiwa nyanya mpaka zikaiva. Kuhusu madai kwamba inakinga saratani ya tezi dume, utafiti wa Giovannucci na wenzake wa mwaka 1995, uliofuatilia maelfu ya wanaume wa Marekani, ulileta matumaini, lakini mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilipoupitia ushahidi wote baadaye iliuona kuwa hafifu. Anayeuza juisi kama kinga ya saratani anauza asichokuwa nacho.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nyanya zenyewe. Tangu kanitangaze, nondo ambaye viwavi wake hushambulia nyanya, aingie Tanzania mwaka 2014, wakulima wamelazimika kupuliza dawa mara kwa mara, na si wote wanaosubiri zipite siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuvuna. Ichunguze nyanya ya tenga karibu na kikonyo: mara nyingi utaona madoa meupe kama ya chokaa, yaliyokauka kwenye kibonyeo ambako kitambaa hakifiki. Yasugue kwa vidole chini ya maji yanayotiririka, kisha itie nyanya kwenye maji ya moto kwa dakika moja na uimenye, ukijua kwamba dawa iliyokwisha kuingia ndani haitoki kwa kuosha. Glasi moja inaweza kumeza nyanya tatu au nne, na wauzaji wengine wa juisi hutumia masalo, zile zilizopondeka na kuanza kuota ukungu, ambazo kuikata sehemu iliyooza hakutoshi kuzisalimisha.

Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia atajijua mwenyewe baada ya glasi ya kwanza, kwa sababu nyanya ina asidi. Mwenye shinikizo la damu asome pakiti kabla ya kununua juisi ya kiwandani, kwani glasi ya ile iliyotiwa chumvi inaweza kufikia miligramu 600 za sodiamu, wakati kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni miligramu 2,000 kwa siku nzima. Mgonjwa wa figo ndiye anayepaswa kuwa makini kuliko wote, na vilevile anayetumia dawa kama enalapril, losartan au spironolactone, ambazo huzuia potasiamu isitoke mwilini. Glasi moja ina potasiamu ya takriban miligramu 500, na ikirundikana katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila dalili ya kumtahadharisha. Mtu huyo asiridhike na jibu la “kunywa kidogo tu” kutoka kwa jirani. Amuulize daktari wake au mtaalamu wa lishe wa kliniki, na amtajie pia nyanya za mchuzi wa jioni, maana nazo zimo katika hesabu.