Mwandishi mwenye kazi nyingine sio nusu mwandishi

Mi nikishika kitabu kipya nageuza nyuma kwanza, pale kwenye picha na wasifu wa mistari minne. Siku hizi mistari yenyewe inafanana: ana PhD, ni mhadhiri mwandamizi, kachapisha makala kadhaa. Kama jamaa aliandika huku anauza bima au anakagua mizigo bandarini, basi hilo linafichwa au linatajwa kama kichekesho. Nataka niwatetee hawa wa pili, japo wa kwanza nao wana pointi.

Chuo kinakupa maktaba, kinakupa wenzako wa kukukosoa kabla hujaumbuka hadharani, na unalipwa mshahara wa kusoma. Abdulrazak Gurnah kafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent miaka na miaka, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987, Nobel akapata 2021, nani atasema uprofesa ulimkausha? Hilo sibishi.

Ninachobisha ni hii imani kwamba kazi ya ofisini inakuibia muda tu, haikupi kitu. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha toka 1926 hadi 1944, na hakuna anayemwita mwandishi wa jioni. Au mchukue Franz Kafka, yule mwandishi wa riwaya wa Prague, kazi yake mwanasheria, toka 1908 hadi 1922 yuko taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi hukohuko, saa nane mchana anatoka. Watu wanapenda kumsikitikia, eti maskini angekuwa huru angeandika mara kumi, na kweli mwenyewe alilalamika sana. Septemba 1912 alikaa mezani saa nne usiku akainuka saa kumi na mbili asubuhi hadithi nzima imeisha, kisha akamwandikia bosi kwamba kapatwa na kizunguzungu kidogo, atakuja baadaye (nani hajawahi kutuma ujumbe kama huo).

Ila angalia huko ofisini alikuwa anafanya nini. Ripoti yake moja ya 1910 inahusu mashine za kuranda mbao, anaeleza kwa nini mhimili wa pembe nne unaoshika visu unakata vidole vya fundi na ule wa mviringo una nafuu, na michoro ya mikono isiyo na vidole imo humohumo. Sasa mtu anayeshinda na mafaili ya watu waliokatika vidole, ambao inabidi waombe kwa barua na fomu walipwe fidia, unadhani zile ofisi zisizo na mwisho kwenye riwaya zake alizitoa wapi? Mimi siamini kabisa kwamba angezipata akiwa amekaa nyumbani anasubiri msukumo.

Halafu maprofesa wenyewe nao wana kazi nyingine, tunasahau tu. J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford, alikuwa anasahihisha mitihani ya wanafunzi wa sekondari apate hela ya nyongeza, akakuta ukurasa mtupu, mwanafunzi hakuandika kitu, akaandika pale sentensi ya kwanza ya The Hobbit, riwaya yake iliyotoka 1937. Kusahihisha rundo la mitihani na kugonga mihuri ya forodha, uchovu ni uleule.

Kwenye utafiti ndo wasomi wanakaza zaidi, na hapo nawaelewa, maana huko kosa la mtu mmoja linanukuliwa na wengine hamsini. Lakini Michael Ventris alikuwa msanifu majengo, chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi, na 1952 akalifumbua Linear B, maandishi ya Krete na Ugiriki yenye miaka zaidi ya 3,000 yaliyowashinda mabingwa. Hapa niwe mkweli, peke yake asingefika mbali, alimhitaji John Chadwick wa Cambridge aliyekijua Kigiriki cha kale hadi mizizi, wakashirikiana kuijenga hoja mpaka wasomi wengi wakaikubali. Makala yao ilitoka 1953 ikiwa na majina yote mawili, na la msanifu majengo ndo limetangulia.