Dawa za Kichina kwa wazungu: aliyepona na aliyeumia wote wanasema kweli

Hii mada kila ikiibuka watu wanagawanyika, huku "mitishamba haina madhara", kule "utapeli mtupu", na mi naona wote wana haraka.

Chukua London mwanzoni mwa miaka ya 90. Watu wana pumu ya ngozi ya kujikuna mpaka damu, krimu za hospitali zote wameshamaliza, wanaenda kwa daktari wa Kichina wanapewa vifurushi vya magome na majani, unachemsha unakunywa kila siku, chungu balaa. Na wakapata nafuu! Mpaka madaktari wa ngozi wakaipima wenyewe, na majaribio yaliyotoka 1992 yakaonyesha kweli inasaidia. Sema baadae Hong Kong wakapima dawa hiyohiyo wakaona haina tofauti na ile ya geresha, yani ya kuigiza tu isiyo na dawa ndani.

Sasa njoo Brussels, miaka hiyohiyo. Wanawake wanataka kupungua, kliniki inawapa vidonge vyenye unga wa mitishamba ya Kichina, ikaja kugundulika badala ya mmea uitwao Stephania uliwekwa Aristolochia, mmea wenye sumu ambao jina lake la Kichina linafanana na la mwenzake. Watu zaidi ya 100 figo zikaharibika, wengine wakapata na saratani ya njia ya mkojo. Watetezi wanasema ile haikuwa tiba ya Kichina kabisa, ni madaktari wa kizungu walichanganya na dawa zao za kupunguza mwili. Ni kweli, lakini mmea ungebaki na sumu yake hata angeutoa nani.

Kinachonikera zaidi ni zile krimu. 1999 London walipima krimu 11 za "mitishamba" za pumu ya ngozi, 8 zikakutwa na deksamethasoni, steroidi kabisa, yani dawa kali ya hospitali ya kutuliza uvimbe na mwasho, na nyingine walikuwa wanapakwa watoto usoni. Yani mzazi kakimbia steroidi za hospitali anaenda kulipia steroidi bila kujua, halafu anatoa ushuhuda mtoto kapona, na hadanganyi, kapona kweli!

Simaanishi mitishamba ya Kichina ni bure, dawa mseto ya malaria tunayomeza huku imetokana na mmea wao, mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou akapewa Nobel 2015. Ila yeye alitoa kiini, akakipima, kipimo cha kumeza kikajulikana. Kwa hiyo mtu akiniambia imemsaidia namwamini, nachomuuliza ni ndani kuna nini na nani kapima, na kama anakunywa kila siku basi akacheki figo na ini.