Mkopo wa Paa: Nani Agharamie Nyumba za Vijijini Tanga?

Panda gari Muheza mjini uelekee Amani, au ushike barabara ya Pangani, kisha hesabu maboma. Utaona kuta za tofali zimefika kwenye lenta, hazina paa, ndani mmeota mipapai. Mgeni atadhani wenyewe wamehama. Hawajahama. Wako nyuma ya boma, kwenye nyumba ya fito iliyokandikwa udongo, wanasubiri msimu wa machungwa ulete hela ya mabati. Mama yangu mdogo alisubiri hivyo miaka 11. Mwaka wa kwanza alichimba msingi, wa tatu akafyatua tofali, wa sita akafunga lenta, na masika yakamwangushia kuta mara mbili kabla hajaezeka.

Kwa hiyo ninaposikia mjadala wa makazi nafuu vijijini, mawazo yangu hurudi kwenye kuta zile. Mjadala wenyewe una pande mbili kubwa. Upande mmoja unataka benki zishuke vijijini na mikopo ya nyumba. Wa pili unataka serikali itoe fedha, ijenge au ikopeshe kwa riba ndogo. Nimejaribu kuzipima hoja zote mbili kwa haki, na naona zinaanza na nyumba iliyokwisha, yenye bei moja na funguo mkononi. Kijijini nyumba haiji hivyo. Inakua kidogo kidogo, na fedha isiyojua kukua nayo haitaifikia.

Hoja ya benki si ya kubeza. Tangu Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008 na kuundwa kwa TMRC mwaka 2010, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziwakopeshe wanaojenga na kununua nyumba, biashara hii imepanuka na riba imeshuka kutoka zaidi ya asilimia 20 hadi kati ya 15 na 19. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge, imehimiza urasimishaji tangu 2004 ili hati hiyo iweze kuwa dhamana. Wanaotetea njia hii wanasema hakuna mwingine awezaye kutoa fedha ya kulipwa kwa miaka 15 au 20. Ni kweli.

Sasa tupige hesabu. Mkopo wa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, ukilipwa kwa miaka 15, unadai takriban shilingi 308,000 kila mwezi, na mpaka umalizike utakuwa umetoa kama milioni 55. Mwalimu au nesi mwenye mshahara anaweza kufunga mkanda akalipa. Mkulima wa machungwa, karafuu au iliki hana mwezi, ana msimu. Benki inamdai tarehe 30 na mti wake hauijui tarehe 30.

Kisha lipo suala la dhamana. Benki huiogopa hati ya kimila, na woga huo una msingi. Mkopaji akishindwa, nani atanunua nyumba mnadani katikati ya ukoo, makaburi ya mababu yakiwa nyuma ya jiko? Mnunuzi kutoka nje ya kijiji naye atahitaji ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji kwanza. Wapo wanaotaka vizuizi hivi vilegezwe ili mikopo imiminike. Mimi sitaki. Kwetu kiwanja na shamba mara nyingi ni kipande kimoja, na anayenyang'anywa nyumba kwa deni anaondoka na michungwa iliyokuwa ilipe hilo deni. Sharti la mwenzi wa ndoa kuridhia kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani nalo libaki palepale, hata kama afisa mikopo analiona linamchelewesha.

Upande wa serikali una historia, na historia hiyo isisahauliwe. Tulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1972, enzi ambazo kampeni ya nyumba bora ilikwenda sambamba na kuhamia vijijini. Iliwafikia watu ambao benki ya biashara isingewapokea. Lakini marejesho yalisuasua, riba haikulingana na mfumuko wa bei, usimamizi ukalegea, na mwaka 1995 ikafungwa. Kwangu somo lake halisemi kwamba serikali isiguse nyumba. Linasema mkopo uliotolewa kama zawadi hautarudi, na usiporudi mtu wa pili kwenye foleni hapati kitu.

Wengine hutaja asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wakiomba itumike pia kujenga. Hapana. Fedha hiyo ni kidogo, haina riba na imekusudiwa biashara za vikundi. Ikigeuzwa mabati, mama anayeuza samaki Pangani atakosa mtaji.

Hatifungani, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji na kulipwa kwa riba, inastahili kutazamwa zaidi, hasa kwetu Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wawekezaji wakaichangamkia. Ndipo watu wakauliza kwa nini na nyumba zisijengwe hivyo. Mamlaka ya maji ina ankara inayolipwa kila mwezi na maelfu ya wateja, na ankara hizo ndizo zinazomlipa mwekezaji. Nyumba ya kijijini haina ankara. Fedha iliyopatikana kwa asilimia 13.5, ukiongeza gharama za kumfuata mkopaji mmoja mmoja hadi Mkinga au Handeni, itamfikia ikiwa ghali kuliko ya benki. Kwa nyumba za kupanga mjini Tanga hesabu inaweza kukubali. Kwa boma la Muheza sioni.

Inabaki njia ambayo watu wenyewe wanaitumia tayari, kukopa kwa hatua. Tuseme unahitaji milioni 3 za mabati, mbao na misumari. Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi ya deni linalopungua, ukilipa kwa miezi 24, ni karibu shilingi 158,600 kwa mwezi, na riba yote haizidi 810,000. Mkopo huohuo ukitozwa asilimia 3.5 kwa mwezi, riba inakaribia milioni 1.5. Na ukiangukia kwa wale tunaowaita kausha damu, wanaodai kila wiki na kubeba godoro ukichelewa, usianze hata kuhesabu.

Wapinzani wa njia hii wana hoja nzito. Asilimia 2 kwa mwezi ni 24 kwa mwaka, inaizidi benki. Saruji hupanda bei wakati unasubiri hatua inayofuata. Boma lililokaa miaka mitano bila paa lina nyufa ambazo mkopo mpya unaanza kwa kuziba. Hata VICOBA, vikundi vya kijijini vya kuweka na kukopa, pamoja na uzuri wake wote, vingi huvunja kikundi kila mwisho wa mwaka na kugawana, hivyo havina fedha ya kukaa nje miezi 24. Vyama vya ushirika navyo vina jeraha la viongozi waliokula fedha za wanachama. Nayakubali yote hayo, na bado nasimama hapa, kwa sababu deni la hatua ni dogo, linaisha mtu akiwa bado na nguvu, na likimshinda hapotezi shamba.

Kinachokosekana ni fedha ya muda mrefu nyuma ya SACCOS, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Wazo hili si geni. Mradi wa fedha za nyumba ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulikuwa na mfuko wa mikopo midogo ya nyumba chini ya Benki Kuu, uliokusudiwa watu wanaojenga polepole. Hiyo ndiyo njia ya kuipanua. SACCOS ipewe fedha ya miaka mitano hadi saba na ikopeshe paa kwanza, kwa kuwa paa ndilo linalookoa kila kilichotangulia. Dhamana iwe hisa na wadhamini, hati ikae nyumbani. Marejesho yafuate mazao, na pale kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya kuuza mazao, kama za mkonge kule Korogwe, makato yafanyike mauzo yanapolipwa, mkulima akiwa na karatasi inayoonyesha kila shilingi iliyokatwa. Fedha ya umma ningeipeleka mahali pawili tu, kufidia sehemu ya mikopo iliyoshindikana kwa msiba au ukame, na kumlipa fundi mkaguzi wa halmashauri aone msingi kabla kuta hazijapanda.

Lipo kundi ambalo hata pendekezo hili halilifikii. Ni familia zilizozaliwa kwenye kambi za mkonge, vizazi viwili na vitatu, zinazolala kwenye nyumba za mstari ambazo hazijawahi kuwa zao. Hawana kiwanja, kwa hiyo hawana boma, na asiye na boma hana pa kuwekea mkopo wa paa. Mashamba yaliyotelekezwa yanapofutiwa hati na kugawiwa upya, viwanja vyao vipimwe kabla ya vya wanaotoka mjini, na majina ya wake yaandikwe pamoja na ya waume siku hiyohiyo ya kupima.